Ukoo wa Matasa

Makat, magharibi ya Kazakistani, Januari,
nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Theluji imelisiliba tangi la mafuta ubavuni
na Ulbosyn, mkaguzi wa zamu ya usiku,
anaifuta kwa glavu, kushoto kwenda kulia,
kama mkono wake ulivyozoea.

Saba.
Akasimama kupumua. Saba haigawanyiki.
Sabini na tatu. Nayo vilevile.
Mia saba thelathini na tisa: akajaribu kwa saba,
kwa kumi na moja, kwa kumi na tatu,
midomo ikitembea ndani ya skafu,
na kila mara salio likabaki mkononi kama chenji.
Vidole vikafa ganzi. Akaacha kujaribu,
akaandika tu daftarini:

7
73
739
7393
73939
739391
7393913
73939133

Behewa lilikuwa kando ya reli siku ya nne.
Kompyuta ya Atyrau imelikataa:
tarakimu ya mwisho si yake.
Reli ina kanuni yake. Zidisha ya kwanza kwa mbili,
ya pili kwa moja, tena mbili, tena moja, hadi ya saba;
jumlisha tarakimu za majibu, utapata thelathini na sita;
kinachopungua kufikia arubaini
ndicho kiandikwe mwisho. Nne.
Mtu fulani, katika karakana fulani, alipaka tatu.

Kwa hiyo namba hii ni kosa.

Kosa hilo lilimla Ulbosyn usiku tisa.
Mzizi wake haufiki elfu nane na mia sita,
ila chini ya hapo zimejipanga namba tasa elfu moja na ushei
na kila moja sharti ibishe hodi.
Zilibisha zote. Chai ya maziwa ikaota utando,
ikamwagwa, ikapikwa nyingine.
Mlango haukufunguka.

Lugha yetu imeziita tasa,
neno zito, la kunong'onezwa jikoni
mke wa mtu akishapita.
Kwao Ulbosyn huitwa namba sahili, basi, hakuna kisa.
Lakini utazame ukoo huu:
saba kamzaa sabini na tatu,
sabini na tatu kamzaa mia saba thelathini na tisa,
tasa kwa tasa, vizazi vinane;
kata mkia popote, kinachobaki kinasimama.
Na baada ya wa nane, kimya.
Ongeza moja, au saba: tatu inaingia bila hodi.
Ongeza tatu, au tisa: mgawanyaji kajificha ndani zaidi,
lakini yumo.
Kwa tarakimu hizi kumi tunazohesabia
hakuna ukoo wa aina hii unaofika mbali kuliko huu.
Si kwamba haujapatikana.
Haupo.

Yeye alizaliwa binti wa tatu.
Jina lake maana yake na awe mvulana,
na wa nne akawa mvulana kweli.
Hilo hakuliandika daftarini.

Siku ya kumi na tatu akaja Zholaman
na kopo la rangi nyeupe na kibati kilichotobolewa nne.
"Kunywa chai kwanza," Ulbosyn alimwambia.
"Rangi itaganda."
Akapaka.

Sasa ni shufwa. Inagawanyika kwa mbili,
kwa tatu, kwa sita, mkono wazi kwa kila mpitaji.
Atyrau ikaikubali papo hapo.
"Tatu, nne," alisema Zholaman akipangusa brashi,
"mafuta ni yale yale."
"Ni yale yale."

Treni iliondoka saa kumi na moja alfajiri.
Ulbosyn aliporudi kibandani kuvua glavu
aliona doa jeupe kwenye ncha ya kidole.
Hakumbuki kuigusa ile namba.
Doa lenyewe halikufanana na tatu,
wala na nne.